Rangi ya Njano ya Mzee Kepher

Diploma yangu ya umekanika niliiacha muhula wa nne. Ama yenyewe ndiyo iliniacha, hatujawahi kukaa chini tukaulizana nani alianza. Lakini nilitoka chuoni na elimu kamili ya jambo moja: kabla ya kupaka chuma rangi mpya, kwangua ile ya zamani. Nikaibeba elimu hiyo hadi kiwanda cha majani chai huku kwetu Konoin mwaka wa 2022, nikaandikwa kibarua wa chumba cha boila, na huko nikamkuta Mzee Kepher, ambaye hakutaka hata kuisikia.

Kepher alitoka Ugenya, upande wa ziwa, akaja kwetu akiwa kijana na suruali mbili. Nilipomkuta alikuwa ameilinda ile boila miaka ishirini na sita. Alikuwa mfupi, mnene, anachechemea mguu wa kulia. Aliisalimia boila asubuhi kabla ya kutusalimia sisi watu. Aliigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, halafu ndiyo akageuka: "Diploma, umeamkaje?" Hilo ndilo jina alilonipa. Hata siku ya mshahara karani alikuwa akiniita Diploma, na mimi ninaitika, ningefanyaje.

Kwa asiyejua, boila ni kama sufuria kubwa ya chuma iliyofungwa kila upande. Unaipa kuni, inachemsha maji, na joto la mvuke ndilo linakausha majani. Juu kabisa kuna valvu ya usalama. Mvuke ukizidi, valvu inafunguka yenyewe, inapiga kelele kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia, na kila mtu anarudi nyumbani kwake akiwa mzima.

Kila Desemba, kabla ya Krismasi, kiwanda kilizimwa kwa usafi. Hapo ndipo Kepher alipaka boila yake rangi, pamoja na valvu na nati zake zote. Rangi ilikuwa ile iliyobaki popote mwaka huo: kijani ya geti la shule, buluu ya zahanati, rangi ya maziwa ya ofisi ya meneja. Kila mwaka rangi yake, moja juu ya nyingine.

"Mzee, tukwangue kwanza," nilimwambia mara ya kwanza.

"Nikwangue nini? Rangi ya mwaka jana imekukosea wapi?"

"Chuoni walisema—"

"Chuoni wanakutafuta, rudi umalize!"

Zack alicheka hadi akaketi juu ya kuni. Zack Rotich alikuwa mpakiaji wa kuni, mrefu kama mlingoti, mtu wetu wa Kimulot kabisa. Hao wawili walitaniana tangu asubuhi hadi king'ora cha jioni. "Kepher, unamrembesha huyu mama, ataolewa na nani?" Na Kepher: "Wewe ng'ombe zako umezipa majina kama watoto wa shule. Niachie ng'ombe wangu mmoja." Saa nne tulikunywa chai ya rangi iliyochemshwa pale pale, tukila viazi vilivyochomwa kwenye majivu ya kuni za blugamu. Nimekula hotelini Kericho mara mbili maishani, nyama na kila kitu. Utamu wa vile viazi sijaupata tena.

Mei 2024, msimu majani yamejaa, umeme ulipotea. Feni za kukaushia zikasimama, mvuke ukakosa pa kwenda, na moto ulikuwa bado unawaka. Kepher akachechemea kwenda kuwasha jenereta ya pampu ya maji. Jenereta ikakataa. Alipokuwa akihangaika nayo tulisikia mshindo. Mlango wa moto uling'oka. Zack alikuwa amesimama mbele yake, akijaribu kutoa kuni.

Sitaandika zaidi hapo.

Wiki mbili baadaye wakamkamata Kepher. Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe. Fundi mkuu wa kiwanda, mtu wa tai na viatu visivyojua matope, aliandika taarifa kwamba mzee alilala, maji yakaisha kwenye boila, na kwamba kabla ya hapo alikuwa ameikaza valvu mwenyewe kwa uvivu wa kusikia kelele zake. Kepher aliachiliwa kwa dhamana, akawa anakaa chumbani kwake kwenye laini, zile nyumba za vibarua, haongei. Chepkurui, mjane wa Zack, alipishana naye njiani kila Jumapili bila salamu. Huku kwetu kumnyima mtu salamu si jambo dogo. Ni kumwambia amekufa.

Kesi ilisikizwa mwaka uliofuata. Wakaleta mtaalamu wa vyuma, mwanamke kijana anaitwa Joan, sauti ya chini, begi kubwa. Alianza na kizibo cha madini ya risasi. Ndani ya boila, alieleza, kuna kizibo kinachoyeyuka maji yakipungua. Hiki hapa, hakijayeyuka. Kwa hivyo maji yalikuwepo, na hadithi ya usingizi ikafia hapo.

Kisha akatoa valvu. Nati yake ilikuwa imekazwa kupita kiasi, ndiyo maana haikufunguka. Lakini ilikazwa lini? Akaonyesha picha kubwa ya rangi zote za tangu valvu ile ifungwe mpya, zilizokatwa kama keki, kuanzia chini: kijani, buluu, maziwa, nyekundu, njano, kijivu, buluu tena. Chuoni sikuwahi kuona somo tamu hivyo. Zile nne za chini zilikuwa zimepasuka mahali spana iliposhika. Njano ilikuwa imejaa ndani ya ufa, nzima, na zilizo juu yake nzima.

"Nati iligeuzwa baada ya nyekundu na kabla ya njano," Joan akasema. "Tangu njano ipakwe, hakuna aliyeigusa."

Wakili wa Kepher akaruka. Njano ni ya Krismasi ya 2021! Na mwaka huo wote Kepher hakuwa kazini: Januari alianguka kutoka paa la jiko la mkewe huko Ugenya, akavunjika nyonga, akarudi wiki ya pili ya Desemba. Daftari la likizo lilikuwepo. Aliyeishika boila mwaka huo ni fundi mkuu mwenyewe.

Kiongozi wa mashtaka akasimama polepole. "Na nani anasema njano ni ya 2021? Mshtakiwa. Inaweza kuwa ya 2020. Inaweza kuwa ya mwaka wowote unaomfaa."

Mimi sikuwa nimefika kiwandani mwaka huo. Na Zack, aliyekuwepo, tulikuwa tumemzika. Kepher aliangalia mikono yake. Niliona kabisa mzee anaenda jela kwa kukosa tarehe.

Basi benchi la nyuma likalia. Chepkurui alikuwa amesimama, leso kichwani, mkoba kifuani.

"Mheshimiwa, mlango wa jiko langu ni njano."

Hakimu akamwambia aketi. Hakuketi.

"Zack alikuja na hiyo rangi kwa mkebe mtupu wa mafuta ya kasuku, akasema ni mabaki ya Kepher. Akapaka mlango. Akaandika kwa kidole, rangi ikiwa mbichi. Mje muone."

Wakaja. Nilikuwepo, nilishika mbwa. Pale chini ya komeo, kwa mwandiko wa Zack unaoinama kama mlevi: XMAS 2021. Joan akakata kipande cha rangi kama ukucha, akaenda nacho. Mwezi mmoja baadaye jibu likarudi: njano ya mlangoni na njano ya valvu ni mkebe mmoja.

Kepher akaachiliwa. Sasa anayepanda kizimbani ni yule wa tai, na nasikia siku hizi viatu vyake vinalijua tope.

Nje ya mahakama nilitaka tupige kelele kidogo. Kepher alinipita, akaenda moja kwa moja kwa Chepkurui.

"Mama, nilipaka juu ya ufa. Ningekwangua, ningeuona. Huyu kijana aliniambia."

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu Joan aonyeshe ile picha nilikuwa nimelijua hilo, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimefunga mdomo.

Chepkurui akashusha mkoba kifuani. "Chamgei, Kepher," akasema. Salamu tu. Halafu: "Wameniharibia mlango. Utakuja lini?"

Alienda Jumamosi, siku moja kabla ya kurudi Ugenya kabisa, na mkebe mdogo wa njano alioununua Sotik. Nilimsindikiza. Chepkurui alileta chai, akaketi kwenye kigoda akituangalia. Kepher akapiga magoti kwa shida kwa ile nyonga yake, akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Nikafungua mkebe, nikampa brashi.

Hakuipokea.

"Diploma," akasema, mkono ameunyoosha nyuma bila kugeuka, "nipe kisu kwanza."

Akakwangua pale palipokatwa, taratibu, akizunguka mwandiko wa Zack bila kuugusa.