Wakiuru na Karatasi ya Kitanda cha Kajuju

Wakiuru wa Kangari hana adabu, na nasema hivyo nikimshukuru Mungu. Ndiye mtaalamu wa lishe katika wodi ya watoto mahututi hapa Nyeri, ninakofanya kazi ya uuguzi. Daktari akianza kueleza mambo ya mapafu na damu, yeye humkatiza: "Wewe umekunywa chai saa ngapi? Na huyu mtoto je?" Madaktari wachanga wakimwona hukumbuka kwamba wanahitajika chooni.

Jumatatu moja alisimama kwa kitanda cha Kajuju, mtoto wa miaka miwili kutoka Timau. Nimonia ilikuwa imemlaza siku nne, mashine ikimpumulia, mpira wa kulishia ukiwa puani. Juu ya kitanda kulikuwa na karatasi: ASILE KITU. Niliibandika mimi mwenyewe Jumamosi asubuhi, maana alikuwa apelekwe kupigwa picha ya mapafu, na tumbo lilitakiwa liwe tupu. Mashine ya picha ikaharibika, safari ikafutwa, karatasi ikabaki. Kila zamu iliingia, ikaisoma, ikatii. Wajinga sisi, na mimi nikiwa kinara.

"Siku mbili!" Wakiuru akafoka. "Atatoka kwa mashine na nguvu ya nani? Yako?"

Daktari Theuri akanong'ona kwamba tumbo linaweza kuvimba.

"Likivimba tutaona. Njaa nayo umeipima?"

Akairarua karatasi. Tukaanza na maziwa kidogo sana, tone kwa tone, tukiongeza pole pole. Wakiuru alilipapasa lile tumbo kila mara, kama mama anayechagua parachichi sokoni. Halikuvimba.

Ijumaa Kajuju alitolewa kwa mashine, akalia kwa sauti ya kukwaruza. Ai, nilifurahi hadi nikaona haya. Nikamwendea nyanya yake, Karimi, aliyekuwa ameketi nje ya wodi tangu siku ya kwanza, nikamwambia kwamba ile karatasi ilisahaulika, na kosa ni langu.

"Ati ilisahaulika?" akasema. "Mimi niliisoma nikajua mmemweka kwa maombi, sista. Kanisani kwetu tukiwa na mgonjwa, tunafunga. Nikafunga na yeye, siku zote mbili."

"Nisamehe, shosho. Umekaa njaa bure."

Akapunga mkono.

"Mimi wacha. Mimi nilifunga kwa kupenda. Yeye nani alimuuliza?"