Miaka Mitano ya Pembea ya Boma

Jumamosi nilikuwa bomani Dodoma, siku ya kusherehekea miaka mitano ya pembea ya kuzunguka iliyoko uwanjani. Mbele ya meza ya karani alisimama mzee mfugaji kutoka Mvumi. Karani, kijana wa kumzaa, hakumwamkia.

"Kifungo cha mwanangu kilikwisha jana," mzee alisema. "Nimekuja kumchukua."

"Leo sikukuu. Njoo Jumatatu."

"Sikukuu inamhusu nini mfungwa?"

Karani alinyoosha kalamu kuelekea uwanjani. Wafungwa sita walikuwa wakisukuma boriti ya pembea, na wake wa wakubwa wakizunguka juu ya farasi wa mbao.

"Akitoka huyo, nani atasukuma?"

Mzee akavua mgolole wake, akaenda kushika nafasi ya mwanawe. Askari akamfungua kijana minyororo, lakini kijana alikataa kumwacha baba yake. Wakasukuma pamoja mpaka alasiri, ndipo wakaruhusiwa kwenda kwao.

Kisha bwana mkubwa wa boma akahutubia, akaisifu mashine ya Ulaya iliyojizungusha miaka mitano bila kuchoka. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kumshinda hata karani, kwa kuwa nilikuwa nimealikwa chai.