Kipimo cha Mguu Mtupu

Majira ya baridi ya mwaka 1956 yalimkuta Marcelino Kihwele na miguu ambayo haijapona nyufa za mwaka uliotangulia. Kazi yake katika shamba la chai, upande wa Igowole, ilikuwa kuzibua mifereji ya bondeni, ambako ukungu hukaa hadi adhuhuri na maji huchoma kama moto. Nyapara wake, Gideoni, alikuwa amekwisha kumwonya: akilala tena kwa ugonjwa wa miguu, chumba chao cha kambini atapewa mtu mwingine. Humo aliishi yeye, mkewe Paskalina na binti yao Evarista. Kijijini hawakuwa tena na shamba la kurudia.

Ndipo alipoamua kuvaa mabuti. Kwa kuwa hakuweza kuacha kazi kwenda madukani kabla kipande chake, kadi ya kuhesabia siku za kazi, hakijajaa, alifanya kama walivyofanya wote pale. Alikanyaga sakafu, Paskalina akakata unyasi sawasawa na mguu, tangu kisigino hadi kidole gumba, nao wakamkabidhi Asukile, dereva wa lori aliyesafiri kati ya Mbeya na Iringa.

Asukile aliunyoosha unyasi, akacheka. "Ndugu yangu, huu ni mguu au mpini wa jembe?"

"Mpini uko kwenu Tukuyu. Niletee mabuti, acha maneno."

"Ya ngozi, kama ya askari? Yana joto, na pua yake ngumu. Ukiangukiwa na gogo hulii."

"Ngozi inakunywa maji. Lete ya mpira."

Hata leo sithubutu kusema kwamba alichagua vibaya. Mtu anayesimama ndani ya maji tangu alfajiri huogopa maji kwanza. Mengine, labda, huyaona baadaye.

Walipokuwa wakingoja, Paskalina, aliyefundishwa kufuma na masista wa misheni, alifumua sweta kuukuu akafuma soksi nene za sufu. Hakuna aliyekumbuka kwamba ule unyasi ulipimwa kwa mguu mtupu. Katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyewahi kuvaa soksi.

Mabuti yalipofika, yalimkaa Marcelino kama ngozi yake mwenyewe. Crispin, mwenzake wa mferejini, alimpigia saluti mbele ya majirani. "Shikamoo, bwana mkubwa! Leo utatuita kwa filimbi?"

Kisha zikaletwa soksi. Mguu uliovikwa soksi uligoma kwenye kifundo cha buti. Paskalina alisukuma, Marcelino akakunja vidole, wapi.

"Yarudishe, Baba Evarista."

"Asukile atanicheka hadi Mbeya. Na kesho naingia mferejini na nini?"

"Ingia kama zamani, ungoje mengine."

"Miguu mitupu? Gideoni ananitazama kila siku."

Akayavaa bila soksi. Maji hayakupenya, kwa hilo mpira ulitimiza wajibu wake. Baridi ndiyo iliyopenya, na mabuti yale hayakuacha hata nafasi ya vidole kujikunja. Kila asubuhi miguu ilikufa ganzi, naye akafurahi, akidhani maumivu yamekwisha.

Hivyo hakujua alipokanyaga kisiki cha mti wa muwati kilichokatwa mshazari. Kilipita katika soli, kikapita katika unyayo, naye akaendelea kuchimba. Crispin ndiye aliyeona maji yakibadilika rangi.

"Marcelino, toka! Umejikata!"

"Nani, mimi? Mbona sisikii kitu?"

Kidonda kilioza. Hospitalini Iringa walimkata mguu chini ya goti.

Aliporudi kambini, Gideoni alikuja mlangoni, akavua kofia. Hakuwa mtu katili. "Pole sana. Lakini chumba ni cha mtu wa kazi, Marcelino."

"Niandike mimi," Paskalina akasema. "Nitachuma chai."

"Na mgonjwa?"

"Evarista atamwangalia. Niandike, Baba."

Gideoni akamwandika. Kesho yake kulikuwa na rasharasha. Paskalina alijifunga kikapu mgongoni, na Marcelino akamwita kutoka kitandani.

"Vaa mabuti, Mama Evarista."

"Moja limetoboka."

"Basi vaa lile zima."

Paskalina alicheka, kicheko kifupi kilichokatika kama kikohozi, kisha akafungua mlango, akaingia ukunguni pekupeku.