Namba Kumi na Saba

Kila chupa ya damu mtafiti wetu anaizungushia karatasi ya foili, kwa vidole vyembamba visivyotulia, maana anasema mwanga unaharibu vitamini A. Mimi ninayeandikisha watu mlangoni pa maabara hii ya Musoma nimeizoea sauti yake, inapanda kama ya mtangazaji wa mpira: "Vitamini A haitembeagi yenyewe kwenye damu! Inabebwa na protini, mpagazi wake kutoka kwenye ini. Mwili ukianza kuikaidi insulini, wapagazi wanaweza kuongezeka hata kabla sukari haijapanda!" Haulizi tena kama mtu amekula. Tangu mama mmoja wa Suguti aape kwamba hajala, kumbe ameshamaliza kibuyu kizima cha maziwa, swali lake ni moja: "Shikamoo mama, maziwa umekunywa saa ngapi?" Na wanamtajia saa bila wasiwasi. Ikifika saa nne anafungua soda yake ya machungwa, anapiga funda moja, anarudi kwenye chupa zake.

Jana majibu ya watu arobaini yalirudi kutoka Mwanza. Aliyapitia kwa ukucha, mstari kwa mstari, halafu akapiga kigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia. "Kumi na saba! Sukari iko sawa, lakini wapagazi wamejaa! Tumeuona ugonjwa wa kisukari ungali njiani!" Nikavuta daftari nimtafute mwenye namba hiyo tumwite.

"Usihangaike," akasema, bado anacheka. "Kumi na saba ni mimi."

Ilikuwa saa nne. Akaisukuma soda upande wangu, haijafunguliwa.