Sahani ya Sigara Msibani

Juzi tumemzika jirani yangu wa hapa Zombo, yule fundi wa reli wa zamani tuliyehamia naye kijiji hiki cha ujamaa. Kifua ndicho kilichomwua. Shamba la kijiji lilizoea kusikia kikohozi chake kabla ya kuliona jembe lake. Watu wanasema ni kazi ya Mungu. Mimi nina hasira, na Mungu hayumo.

Maana mganga wa zahanati alipomwambia aache sigara, aliacha kweli. Akawa anatembea na karanga mfukoni. Mkono ukitafuta sigara, unakuta karanga. Mwanangu ana kifua kibovu, na mzee huyo alipokuwa akivuta hakuthubutu kumbeba. Sasa alikuwa akinikuta napalilia, ananyoosha mikono: "Mama, nipe mjukuu wangu, leo sinuki moshi." Wenzake walimcheka. "Tazameni, fundi kageuka panya!" Naye akawajibu, "Panya anapumua. Wewe je?"

Kilichomrudisha ni sahani. Kwetu mazungumzo ya posa hayaanzi mpaka sahani ya sigara izunguke, na kila mwanamume achukue. Siku ya posa ya binti yake aliipitisha bila kugusa. Mshenga akasema, "Mzee mwenzangu, umekataa sigara au umetukataa sisi?" Baba wa watu akamtazama binti yake aliyejibanza mlangoni, akachukua moja. Harusi ilifanyika. Karanga ziliota ukungu mfukoni, na mwanangu hakubebwa tena.

Sasa nisikilizeni. Msibani kwake, jikoni, mama mkwe wangu akanipa sahani ileile imejaa sigara. "Peleka kwa wanaume."

"Mama, si ndizo zilizomwua?"

"Usituaibishe. Watasema tuna uchoyo."

Kule mkekani alikaa mume wangu, mtoto wetu mapajani, sigara sikioni, naye siku hizi anakohoa kama marehemu. Nikazimwaga sigara kapuni, nikajaza karanga, nikaenda. Mwanamume mmoja akauliza, "Shemeji, hiki nini?" Nikamwambia, "Alichokuwa anatafuna mwenzenu mpaka mkamkatalia." Yule aliyemwita panya akawa wa kwanza kuchukua, macho chini. Mume wangu akachota, akatafuna akinitazama. Sigara ikabaki sikioni.

Tunapenda kusema mtu akitaka kuacha ataacha mwenyewe. Uongo. Huyu alitaka, akaacha, tukamrudisha kwa adabu zetu. Sisi tuliokubaliana kuhama pamoja, kulima pamoja na kujenga zahanati pamoja, tunashindwaje kukubaliana kuhusu sahani? Ukarimu gani huu wa kumkaribisha mtu kwenye ugonjwa wake? Mimi sijui kama mume wangu ataacha. Ninachojua ni kwamba mwanangu bado anakohoa, na mlangoni kwangu sahani ya sigara haitazunguka, iwe posa, iwe msiba, hata uwe wangu. Mshenga akija asijisumbue kuuliza. Nimekataa sigara.