Kilima cha Mungu Wake

Nilifanya kazi miaka mitatu kwa mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kitale, na sikumpenda hata siku moja. Kikombe changu kilikaa peke yake chini ya sinki. Nikiwa kwenye siku zangu, alinikataza kuingia jikoni. "Wewe hapana gusa," aliniambia. Nami, binti wa mzee wa kanisa Kiminini, kila nikipita mbele ya picha ya mungu wake niliomba damu ya Yesu inifunike.

Picha ilionyesha pia hekalu lake juu ya kilima, kwao India. Alinisimulia habari zake nikimkanda miguu. Mashetani wawili walitesa watu, watu wakamlilia mungu mke, akawaua palepale kileleni. Tangu hapo waumini hupanda mamia ya ngazi bila viatu, wakimpelekea nazi na kitambaa chekundu. Sala ya jioni ikiisha, wote hushuka, hata kuhani. Usiku kilima ni cha mungu peke yake.

"Mimi naahidi mungu tapanda," alisema. "Sasa miguu kwisha."

Sikukuu yake ya siku tisa ilipofika, aliamua kupanda kilima cha mawe upande wa Bungoma badala yake. Dereva alibaki na gari. Nilimshika mkono nimenuna, yeye miguu mitupu, akipumzika kila hatua kumi. Kileleni alifunga kitambaa kwenye kichaka, akapasua nazi juu ya jiwe, akaanza kuimba.

Wanaume watatu waliokuwa wakilima mteremkoni wakatujia na majembe.

"Dada, huu ni uchawi gani mnaleta kwetu?" mmoja aliniuliza.

Ningeweza kuwaeleza yote. Nikasema, "Mimi ni wa kazi tu. Huyu anaabudu shetani. Mimi nimeokoka."

Yule mwanamume akaipiga nazi teke, ikaporomoka. "Mwambie ashuke."

Hakuhitaji kuambiwa. Kiswahili alikielewa vizuri kuliko alivyokizungumza. Alinitazama kidogo, kisha akashuka kwa makalio, jiwe baada ya jiwe, akiusukuma mkono wangu kila nilipomnyooshea.

Hakunifuta kazi. Alinikataza tu kumgusa miguu, na habari za kilima hakunisimulia tena. Nilipoyasimulia nyumbani, Baba alinisifu mbele ya wageni kwa kutoona haya kumkiri Bwana. Mimi nilizidi kumchukia yule mama, kwa sababu sasa nilikuwa nimemkosea. Kabla ya Krismasi niliacha kazi bila kumuaga.