Siku Nilipofungua Kamba ya Mtamba

Mume wangu alikuwa mkamuaji wa maziwa, na aliogopa damu. Akimwona kuku anachinjwa, anakwenda kutazama barabara. Sisi ni watu wa kaskazini mwa Katanga, kwetu mbung'o hawamwachi ng'ombe aishi, tulijua mbuzi tu. Lakini mlowezi wa Kibelgiji aliyemwajiri, mwenye shamba la maziwa upande wa Karavia, nje kidogo ya Élisabethville, hakuuliza tunajua nini. Alitazama tu kama mume wangu ana mikono miwili.

Mkamuaji aliyetutangulia alimvuta ndama kabla ya wakati wake, ng'ombe akafa na ndama akafa. Alifukuzwa siku ile ile, yeye na mke na watoto wanne, vyombo vyao vikatolewa nje mvua ikinyesha. Nyumba tuliyopewa ndiyo hiyo yao. Tangu hapo ikawa amri: ng'ombe akizaa, mtu asimguse mpaka Bwana mwenyewe afike na mganga wa mifugo. Na siku zile, ukipoteza kazi, mjini huna pa kukaa, unarudishwa kijijini kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Asubuhi ninayoisema, Bwana alikuwa amepeleka maziwa mjini kwa kamyoneti yake, lile gari dogo la mizigo. Mume wangu alikuwa malishoni na kundi, mbali, ng'ambo ya kijito. Mimi nilikuwa naosha bidoni za maziwa kando ya zizi. Ndani walikuwamo mitamba wawili, ng'ombe wasiowahi kuzaa, walioletwa kwa treni kutoka kusini. Bwana aliwapenda kuliko alivyotupenda sisi sote tukiwekwa pamoja. Nikasikia mmoja anakoroma. Kuchungulia, yule mwekundu amelala ubavu, mkia juu, chupa imekwisha pasuka na nyasi zimelowa.

Sitasema uongo, sikumwogopea ng'ombe. Niliogopea nyumba.

Mwanzoni kungoja kulikuwa sawa. Mama yangu alikuwa mkunga, na alinifundisha kwamba mtoto hang'olewi kama muhogo. Nikaketi juu ya bidoni nikamtazama. Akisukuma, mimi nabana meno. Akipumzika, ndipo napumua. King'ora cha kiwanda cha shaba kikalia, kamyoneti haikuonekana. Mvua ilikuwa imenyesha sana na barabara ile niliijua vizuri. Nikatoka nikamwita mume wangu kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Aliyekuja ni Madame.

Madame alikuwa mke wa Bwana, mdogo kwangu kwa umri, hajazaa bado. Alisimama mlangoni amejishika shingo. Wakati huo kwato mbili zilikwisha tokeza, na nyayo zake zilitazama juu. Kwa mbuzi nilikuwa nimeliona jambo hilo mara moja, na yule mwana-mbuzi tulimzika.

"Hapana gusa!" akasema Madame. "Monsieur alisema ngoya."

"Madame, angalia miguu. Chini yake inaangalia yulu. Mutoto iko nakuya kinyume, miguu ya nyuma njo iko mbele. Kichwa kitabakia ndani, atakunywa maji, atakufa."

"Ngoya kidogo. Monsieur iko mu njia."

"Na kama hafike?"

Madame akageukia barabara. Alikuwa karibu kulia, nami nilimkasirikia kwa sababu nilikuwa karibu kulia pia. Ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa pale mbele yetu linaumia. Mara mbili nilinyoosha mkono, mara mbili nikaurudisha. Nikimvuta akafa, nimemuua mimi. Nisipomvuta akafa, Bwana atauliza mke wa mkamuaji alikuwa wapi. Kila nilipogeuka niliiona ile mvua na vyombo vyetu chini yake.

Basi nikatafuta njia ya kufanya kitu bila kugusa. Kwetu, mtoto akigoma kutoka, kila fundo lililo karibu na mzazi hufunguliwa, ili na yeye afunguke. Nikafungua kilemba changu. Nikafungua kitambaa cha kiunoni. Nikamwambia Madame afungue kamba za viatu vyake na aproni yake, na kwa hofu aliyokuwa nayo akatii bila kuuliza, akabaki na viatu vinavyopwaya. Nikafungua hata magunia ya pumba. Kisha, kwa akili zangu hizi, nikafungua kamba iliyomfunga mtamba shingoni.

Akaruka kusimama. Akampita Madame mlangoni, kwato mbili zinaning'inia nyuma yake, akakimbia mpaka kwenye uzio, akateleza matopeni na kuanguka. Hakuinuka tena. Alilaza shingo, macho yamemtoka.

Nikasema, tumekwisha. Na hapo ndipo nilipomgusa, maana sikuwa na la kupoteza tena. Nilipiga magoti matopeni, nikaifunga ile kamba juu ya vifundo vya miguu ya ndama, kwa fundo la kukaza. Liwalo na liwe. Akisukuma, navuta kuelekea chini, akiacha, naacha. Mara ya tatu kamba ikaniteleza, na nikaona mikono mingine miwili imeishika. Madame alikuwa amekaa matopeni pembeni yangu, pekupeku, anavuta na kuomba Mungu kwa Kifaransa. Kiuno cha ndama kilipotoka sikungoja tena, maana kichwa kikiwa bado ndani hakuna kungoja. Tukavuta bila kuachia.

Alitoka amelegea, hapumui. Nilimtoa ute puani kwa vidole, nikamsugua kwa kilemba, nikamtia unyasi puani. Akapiga chafya. Madame akapiga kelele kama aliyeumwa na siafu.

Mume wangu akafika mbio kutoka malishoni, akaona damu, akashikilia nguzo ya uzio. Nyuma yake kamyoneti ikaingia imejaa matope. Bwana alishuka peke yake, bila mganga.

"Nani alimugusa?"

Mikono yangu ilikuwa nyekundu mpaka kwenye viwiko.

"Njo mie, Bwana," akasema mume wangu.

Bwana akaitazama mikono yake, misafi, ina majani ya malishoni tu. Akaitazama yangu. Akamtazama mkewe miguuni. Madame aliinamisha kichwa. Ndama alikuwa anajaribu kusimama, na mama yake ameanza kumlamba.

"Muzuri," Bwana akamwambia mume wangu taratibu. "Ule ingine atazala juma hii. Hapana kuita munganga. Utafanya weye, mie nitaangalia."

Jioni mume wangu hakugusa ugali. Aliketi ukingoni mwa kitanda, nikadhani atanigombeza kwa ajili ya kamba, na ningestahili. Alininyooshea mikono yake.

"Mama, unifundishe," akasema. "Leo leo."

Nikaishika mikono yake, nikaanza kumweleza miguu ya mbele inavyokaa na ya nyuma inavyokaa, naye anarudia kila neno amefumba macho. Nyumba ilikuwa yetu mpaka yule mtamba wa pili azae.